Saa ya kale ya Kijerumani ikichelewa Nyeri, usiitupe

MTU anayerithi saa ya kale ya ukutani mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki hukabiliwa na maswali mawili: ilitengenezwa na nani, na je, ingali nzima? Asiyepata majibu anaweza kuiuza kwa bei ya vyuma vikuukuu.

Jibu la kwanza lisitafutwe kwenye uso wa saa wala sanduku lake la mbao, kwani hivyo huweza kubadilishwa. Litazamwe mgongoni mwa mtambo wa shaba, ambako kiwanda kilipiga chapa. Nyota ya ncha nane yenye herufi J ni ya Junghans, kampuni iliyoanzishwa Schramberg mwaka 1861. Mishale miwili iliyopishana ni ya Hamburg-Amerikanische Uhrenfabrik, ya mji huo huo. Nanga na herufi GB ni za Gustav Becker wa Freiburg, Silesia, mji ambao leo umo nchini Poland.

Maandishi nayo hufichua umri. Herufi D.R.G.M. zilianza kutumika 1891. Maneno "Made in Germany" yalienea baada ya sheria ya Uingereza ya 1887 kuhusu chapa za bidhaa. Muuzaji akidai kuwa saa yenye maneno hayo ni ya 1870, ana la kueleza.

Ama kuhusu uzima, saa hizi kwa kawaida zina matundu mawili ya ufunguo: la kulia hujaza kamani ya mwendo, la kushoto kamani ya mlio. Saa moja asubuhi hugonga mara saba, kwa hesabu ya Kizungu. Ikigonga mara tano, si lazima iwe mbovu. Mitambo mingi ya zamani huhesabu milio kwa gurudumu lisilofuata akrabu. Kamani ya mlio ikiisha mapema, hesabu hupotea. Fundi huirejesha upesi.

Kuchelewa nako kuna sababu yake. Nguvu ya uvutano wa dunia hupungua kuelekea Ikweta na kadiri mtu apandavyo juu. Mfaransa Jean Richer aliligundua hilo Cayenne mwaka 1672, saa iliyorekebishwa Paris ilipochelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku. Nyeri, karibu na Ikweta na zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, saa iliyosawazishwa Ujerumani huchelewa zaidi ya dakika mbili kila siku. Tiba ni kukaza nati iliyo chini ya pendulamu ili uzito wake upande kidogo.

Unapoihamisha saa, ondoa pendulamu kwanza. Wala usikubali shaba isuguliwe hadi ing'ae: chapa ikifutika, ushahidi wa asili yake umekwenda nayo.