Kapteri yenye haigusi kamio

Shofere mumoja alikuja kwangu na karatasi mu mukono. Kampuni yake ilimuikalisha mu simulatere: kiti, volani, ekra tatu mbele yake. Kisha saa moja karatasi ikatoka: fre ameharibu, suspansio ameharibu. “Papa delege, niliharibu nini? Kamio haikutoka hata fasi yake!” Alikuwa anaogopa kazi inaisha.

Wandugu, tuelewe ile kitu muzuri. Ku kamio ya kweli, kapteri ni chombo kidogo chenye waya. Inapima presha ya mafuta mu suspansio, ao moto ya fre. Mu simulatere hakuna mafuta, hakuna moto. Kapteri yake ni hesabu tu.

Tuchukue mufano wa BeamNG, programu ya watu wa Bremen kule Ujerumani, yenye watoto wetu wanajua sawa muchezo. Mule, motokari ni alama nyingi zenye uzito, zimeunganishwa na fimbo zinazofanya sawa resori. Mara 2000 kila segonde, ordinatere inahesabu nguvu inayovuta kila fimbo. Fimbo iko na mipaka mbili: ukipita ya kwanza, inapinda na hairudie tena, ukipita ya pili, inakatika. Kapteri ya uharibifu inajumlisha yote hiyo, inatoa namba.

Faida iko. Shofere anaweza kupindua kamio mara kumi, na magaribi akule bukari na watoto wake. Mimi nilizika watu waliojifunzia ku mutelemuko ya kweli.

Lakini mipaka iliandikwa na mutu. Kama aliweka muzigo wa tani 60 na weye unabebaka 90, ao barabara ya kukauka na weye unakanyaga matope ya mwezi wa kwanza, namba itasema mambo ingine. Tena namba moja peke haionyeshe kama ni pigo moja kali, ao mashimo mia madogo.

Kwa yule shofere, tuliomba kuona segonde kwa segonde: mwendo, fre, mutelemuko. Mukubwa wa mafunzo alifungua bila matata, niseme ukweli. Njo tukaona: zoezi lilianzisha kamio mu mutelemuko ikisha kukimbia km 40 kwa saa, mbele shofere aguse pedali. Alirudia zoezi, akapita.

Sasa sendika inaomba iandikwe mu mapatano: mutu asitie sinyatire ku karatasi ile mbele ya kuona masegonde yake. Kampuni haijajibu.