Mvinyo Haupashi Mwili Joto

Kila kipupwe kikikaribia, swali ni lile lile. "Shikamoo, Daktari. Mimi na mume wangu tunakwenda Cape, Afrika Kusini, mwezi wa saba, wikiendi tu, kule milimani kwenye mashamba ya mizabibu. Tunasikia baridi ni kali. Mvinyo upi unatia joto zaidi, huu mwekundu wa kawaida au ule mzito mtamu?" Nimeulizwa kliniki, nimeulizwa harusini, nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya benki. Anayeuliza huwa ameshakata tiketi na kulipia hoteli yenye meko chumbani, ila koti hajanunua. Koti la nini, na mvinyo upo?

Jibu ni kwamba hakuna. Uwe mwekundu au mweupe, uwe mtamu, iwe konyagi au ulanzi, hakuna kilevi kinachouongezea mwili joto. Vyote vinalipunguza. Hili halina ubishi kati ya madaktari, na limejulikana kwa muda mrefu kiasi kwamba inanichosha kuukuta uongo wa kinyume bado unazunguka kwenye simu za watu waliosoma, ukiwa umepambwa kwa picha ya glasi na moto wa kuni.

"Lakini Daktari, mimi mwenyewe nalisikia joto." Najua unalisikia. Hapo ndipo watu wanapopotea. Vipokezi vingi vinavyouarifu ubongo kuhusu joto na baridi vipo kwenye ngozi. Baridi ikikupiga, mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hujikaza na damu hubaki ndani, kwenye moyo, ini na ubongo. Vidole vinakufa ganzi, masikio yanauma, nawe unalalamika, lakini mwili uko kazini na unaifanya kazi yake sawasawa. Kisha unakunywa glasi mbili. Pombe inailegeza ile mishipa, damu yenye nyuzijoto 37 inakimbilia mashavuni na viganjani, vipokezi vya ngozi vinapeleka habari njema, na ubongo unaamini kwamba baridi imekwisha. Ni sawa na mtu aliyewasha moto ndani kisha akafungua madirisha yote usiku: aliyesimama dirishani anapigwa na vuguvugu na kusema nyumba hii ina joto. Joto analolisikia ndilo linalotoka.

Na haliishii hapo. Mwili uliopoa una njia yake ya kuzalisha joto kwa dharura, nayo ni kutetemeka. Misuli inajikunja na kujikunjua bila kuamriwa, na kila mkunjo unatoa joto. Pombe huidhoofisha njia hiyo, kwa sababu huivuruga sehemu ya ubongo inayolisimamia joto la mwili. Kwa hiyo mtu aliyekunywa anapoteza joto kwa wingi na kulizalisha kwa uchache. Akiacha kutetemeka, mwenzake anafurahi kwamba mvinyo umefanya kazi.

Wapo wanaonijia na hoja ya kisomi zaidi: pombe ina nishati, gramu moja hutoa kilokalori 7, sasa nishati hiyo inakwenda wapi? Swali zuri. Ini huichoma pombe taratibu, kwa wastani kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, na wakati linaichoma, mwili unaahirisha kuchoma mafuta. Umebadilisha kuni, moto haukuongezeka. Tena ini likishughulika na pombe hupunguza kazi yake ya kutengeneza sukari mpya. Mtu aliyetembea milimani tangu asubuhi na kula kidogo anaweza kupungukiwa na sukari ya damu, na sukari ikishuka, kutetemeka nako kunapungua. Figo pia zinaingizwa kwenye mkumbo: baridi peke yake huongeza mkojo, na pombe huikandamiza homoni inayoziagiza figo zibakize maji. Unatoka nje mara nyingi zaidi, kwenye upepo, ukiwa na maji machache mwilini kuliko ulivyofika.

Sasa niseme kwa haki. Glasi moja au mbili, umekaa karibu na meko, umevaa sweta, tumboni una chakula: joto utakalopoteza ni dogo na halitakudhuru. Hatari haianzii mezani, inaanza saa kumi na moja jioni mnapoinuka. Majira ya baridi ya Cape ni majira ya mvua, kinyume na yale mnayoyajua nyumbani, ambako kipupwe ni kikavu. Kati ya Juni na Agosti mawimbi ya hewa baridi hupanda kutoka Atlantiki na kugonga safu za milima zinazozizunguka Stellenbosch na Franschhoek. Usiku bondeni joto hushuka chini ya nyuzi 10. Juu zaidi, Matroosberg, mlima wa mita 2,249, theluji huanguka. Mizabibu haina hata jani, inapogolewa wakati huo, kwa hiyo shambani hakuna kinachozuia upepo. Mtu aliyelegea mishipa anasema, "Twende kwa miguu, nyumba ya wageni ni pale tu." Koti ameliacha garini kwa sababu anasikia joto. Manyunyu yanalowesha sweta, na nguo iliyolowa huondoa joto mwilini haraka kuliko nguo kavu. Uamuzi wa kuliacha koti ndio madhara makubwa ya pombe wakati wa baridi. Hata ukinishinda kwenye hoja ya mishipa ya damu, hapo hunishindi.

Kuna jambo ambalo lingetosha peke yake kunifanya niandike makala hii. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mgonjwa anaanza kupepesuka, ulimi unakuwa mzito, anaangusha vitu, anajibu ovyo, anataka kulala. Wengine, hali ikizidi, huvua nguo wakidai wanaungua. Soma dalili hizo tena, kisha uniambie zinatofautianaje na za mtu aliyelewa. Mke anamwona mume amejikunja kwenye kochi, anasema, "Amezidisha leo, mwache alale." Naye anamwacha alale. Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa huu ni utani wa wikiendi.

Picha inayoupa uongo huu heshima haikutoka kwa daktari, ilitoka kwa mchoraji. Kwenye njia ya milimani ya Great St Bernard, kati ya Uswisi na Italia, katika mita 2,469, watawa walifuga mbwa wakubwa waliosaidia kuwatafuta wasafiri waliofukiwa na theluji. Mwaka 1820 Mwingereza Edwin Landseer, akiwa bado hajafikisha miaka 20, alimchora mmoja wao akiwa na kipipa cha pombe shingoni. Mbwa wa kweli hawakuwa wakifanya kazi na mapipa shingoni. Picha ikapendwa, na dunia ikaikubali kama tiba. Lakini siwalaumu Wazungu peke yao. Kule Makete na Njombe, ambako alfajiri za Juni na Julai umande huganda, nimesikia maneno hayo hayo yakisemwa juu ya ulanzi, na nimewapokea wagonjwa waliolala njiani kwa kuyaamini. Mlimani Kilimanjaro nako wapo wanaoficha chupa ndogo kwenye begi, "kwa ajili ya baridi ya kileleni." Mwongozaji mzuri huichukua.

Na ule mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu? Ni mtamu, sikatai. Tupige hesabu. Kikombe cha mililita 200 kilichopashwa hadi nyuzi 60 kinaupa mwili wako kama kilokalori 5 za joto kikipoa hadi joto lako. Kumpandisha mtu wa kilo 70 kwa nyuzi moja tu kunahitaji kilokalori zinazokaribia 60. Unachokipata ni chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na chai ingekupa kile kile bila kuilegeza mishipa. Wala usijidanganye kwamba pombe imeisha kwa kupashwa. Sehemu kubwa bado imo.

Kuhusu kiasi, watu hudhani kuonja si kunywa. Kwenye kituo kimoja cha kuonja mara nyingi utamiminiwa mivinyo mitano, na kila mmoja ukiwa mililita 50, jumla ni mililita 250, yaani theluthi ya chupa. Pinotage, zabibu ambayo Profesa Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuunganisha Pinot Noir na Cinsaut, hutoa mvinyo ambao mara nyingi una pombe asilimia 14. Mililita hizo 250 ni takriban gramu 28 za pombe tupu. Sheria ya Afrika Kusini humzuia dereva wa kawaida akifikia gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu. Mume wa kilo 80 anaweza kuukaribia mpaka huo kwa kituo kimoja. Mke wa kilo 60 anaweza kuwa ameshauvuka kwa kiasi kile kile, maana mwili wake una maji machache ya kuizimua pombe. Ile desturi ya wapendanao ya kwenda glasi kwa glasi haina usawa wowote ndani ya damu. Vituo vitatu ni chupa nzima kila mmoja, na ini litahitaji saa 8 hadi 12 kuimaliza. Anayeshika usukani Jumapili asubuhi kupita njia za milimani anaweza bado kuwa na pombe ya Jumamosi.

Haya, mnaotaka kwenda, nendeni. Ni wakati mzuri, wageni ni wachache na wenye mashamba wana nafasi ya kuzungumza nanyi. Vaeni tabaka: fulana isiyobaki na jasho, sweta ya sufu, koti lisilopitisha maji, kofia na soksi za akiba. Koti livaeni kabla ya kutoka mlangoni, hata kama mnasikia joto, hasa kama mnasikia joto. Kuleni kabla ya kuonja. Vituo viwili kwa siku vinatosha. Chombo cha kutemea kipo mezani kwa kazi hiyo na wataalamu wote hukitumia, mwenyeji haoni ni dharau. Gari liacheni hotelini, Franschhoek ina tramu ya kuzungukia mashamba tangu 2012, au lipeni dereva. Maji, glasi moja kwa kila glasi ya mvinyo. Msitoke kwenye mvinyo kuingia moja kwa moja kwenye beseni la maji ya moto la nje, shinikizo la damu hushuka na watu huzimia humo. Mjamzito asionje kabisa. Anayemeza glibenclamide kwa kisukari, dawa za usingizi au hata piriton ya mafua azungumze kwanza na daktari wake. Mwenye pumu ajue kwamba salfaiti za kwenye mvinyo zinaweza kuiamsha. Wasiotumia pombe hawakosi kitu: kuna maji ya zabibu, na kuna rooibos, inayolimwa kwenye milima ya Cederberg kaskazini ya hapo, ya moto na isiyo na kafeini.

Na mnapojipasha moto usiku, jiko la mkaa halilali chumbani. Hili nalisema pia kwa wanaobaki nyumbani na kwenda Lushoto au Njombe. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Aliyelewa haamki kufungua dirisha. Meko ya kuni iwe na bomba linalotoa moshi nje, na hita ya gesi izimwe kabla ya kulala.

Mwenzako akipoa, akaacha kutetemeka na kuanza kusema ovyo, usisubiri kujua kama ni baridi au ni mvinyo. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi kavu mpaka kichwani, uso uachwe wazi, umlaze taratibu bila kumsugua mikono wala miguu. Kama ana fahamu timamu na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimwingize kwenye maji ya moto, na usimpe pombe hata tone. Kisha piga simu. Namba ya gari la wagonjwa Afrika Kusini ni 10177, na kwa simu ya mkononi 112. Ziandikeni nyote wawili kabla ya kupanda ndege.