Mpanda Pilipili wa Alunguli Hana Jembe

Nilimuuliza mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba ukitoka sokoni Kindu, nani alimpa mbegu ya mpilipili ulioota nyuma ya jiko lake. Akanionyesha mwembe kwa kidevu. Ndege, akasema.

Hatanii. Ile pilipili ndogo inayosimama wima, ambayo watu wa pwani huiita kichaa, ikiiva hukwanyuka yenyewe kwenye kikonyo. Ndege huimeza nzima, hatafuni, wala haimwashi. Mbegu hutoka salama chini ya tawi alikolala. Mnyama wa kutafuna huwashwa akaiacha. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walilieleza jambo hilo katika jarida la Nature, wakitumia pilipili mwitu za Arizona. Mama hakuwangoja.

Yeye hupalilia akiwa ameinama kabisa. Kila mche anaoutambua kwa jani, jembe huuzunguka. Anapochuma, matawi ya juu hayagusi: hilo ni fungu la mpanzi. Za kuweka huzianika kwenye ungo, kisha huzipandisha juu ya jiko, moshi wa kuni uzikaushe mpaka ziwe nyekundu ya kukaribia weusi na wadudu wazikimbie. Siku ya sombe, yaani kisamvu, huzitwanga na chumvi, na mtwangaji hupiga chafya kabla mlaji hajaonja. Pilipili mbuzi, ile ya duara yenye harufu, huipanda mwenyewe, tena mbali na nyingine, kwa sababu nyuki huchanganya mbegu.

Zote asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioanza kuzileta pwani za Afrika. Je, hadi huku Maniema, jimbo la Kindu, zilipanda mto kutoka Atlantiki, au zilikuja na misafara ya Waungwana, wafanyabiashara wa pwani ya mashariki waliokita Nyangwe na Kasongo karne ya 19? Mama anajua tu kwamba bibi yake alizikuta.

Kule Arusha, World Vegetable Center huhifadhi mbegu za mboga za Afrika kwenye baridi. Ni kazi njema, ila jokofu halina mwembe.

Jirani amekata wake ajenge nyumba. Upande ule, mama anasema, mche mpya haujaonekana. Anafikiria kusia mbegu huko kwa mkono, lakini anauliza, na mimi sikuwa na la kumjibu: pilipili ikiota palipochaguliwa na mtu, ndege atakuja?