Unahamia kifurushi kipya cha TV, simu na intaneti? Usikate laini ya zamani kwanza

Kwa mlio Marekani, kifurushi cha TV, simu na intaneti kwa bili moja kinavutia. Tatizo ni namba ya nyumbani. Ukisitisha huduma ya zamani kabla namba haijahamishwa, unaweza kuikosa kabisa. Iache kampuni mpya ndiyo iombe kuihamisha. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano, zinatoa siku 1 ya kazi kwa uhamisho wa kawaida, na kampuni ya zamani haiwezi kuzuia namba hata kama unadaiwa (deni utalipa tu, usijidanganye).

Halafu kuna umeme. Simu ya kifurushi hupitia modemu. Umeme ukikatika na huna betri ya akiba, simu hiyo haipigi hata 911.