Kwa Nini Naliendele Ina Mbunge wa Mjini

Kitendawili! Tega. Nina mikorosho nyuma ya nyumba, kuku wangu hawajui uzio, lakini mbunge wangu anaitwa wa Mjini. Mimi ni nani?

Mmeshindwa, wapwa zangu? Haya, nipeni mji. Jibu ni mtu wa Naliendele.

Naliendele ni kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na manispaa hiyo yote ndiyo Jimbo la Mtwara Mjini. Ukitoka mjini kuifuata barabara ya Nanyamba na Tandahimba, nyumba zinaanza kuachana, mikorosho inasogea karibu na njia, kisha unafika kwenye kile kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wa korosho nchi nzima wanakijua kwa jina la kijiji chetu. Hapo unaona kama umeshatoka mjini. Kwenye karatasi ya kura bado umo. Wewe, mvuvi wa Shangani, muuza nguo wa Chikongola na bibi wa Mikindani anayekaa ng'ambo ile ya ghuba, wote mnatuma mtu mmoja Bungeni Dodoma.

Mpaka wa jimbo letu haukuletwa na mto wala mlima. Katiba yetu, ibara ya 75, imeipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuigawa nchi katika majimbo na kuyapitia upya angalau kila baada ya miaka 10, nayo Tume huangalia idadi ya watu, hali ya kijiografia na njia za mawasiliano. Jirani zetu wa Nanyamba waliyaona hayo mwaka 2015. Walikuwa Mtwara Vijijini. Mstari ukachorwa, wakawa na jimbo lao, na hakuna aliyehamisha hata kitanda.

Sasa, zamani mji wenyewe haukuwa Mtwara. Ulikuwa Mikindani, bandari ya majahazi, na Wajerumani walipokuja walijenga boma lao huko. Boma hilo lipo mpaka leo, mkipita barabara ya Lindi mtaliona limekaa juu ya mji. Mtwara ilikuja juu kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikosa mafuta ya kula, na kuanzia mwaka 1947 wakaanzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli ya kuzishusha pwani na bandari yenye kina cha kutosha meli kubwa, na kina hicho kilipatikana Mtwara. Mpango wa karanga ulikufa mapema, mwaka 1951. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilizobaki ni bandari, mitaa iliyonyooka, na kata inayoitwa Reli ambayo hamtaona treni ndani yake hata mkikesha.

Bandari ikavuta watu. Wamakonde waliteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala, wakaja Wamakua, Wayao na Wamwera, wakawakuta wenyeji wa pwani waliokuwa Mikindani tangu hapo. Wengine walivuka Ruvuma. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, mto ule haukuwa ukuta hata kidogo, maana ng'ambo kulikuwa na wajomba na huku kulikuwa na wapwa. Ndiyo maana ukiuliza koo za watu wa jimbo hili, nusu ya jibu utalipata nchi nyingine.

Na kura zilipigwaje? Mara ya kwanza kabisa, mwaka 1958 na 1959, mtawala wa kikoloni aliweka sharti la kuchekesha. Kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu kwa mkupuo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Ilibidi uwe na kipato fulani, au elimu, au kazi inayotambulika. Mkulima wa Naliendele wa siku hizo alikaa pembeni akatazama. Viongozi wa chama cha TANU walikaa Tabora Januari 1958 wakabishana kama washiriki au wasusie, Nyerere akawashawishi washiriki, nao wakashinda.

Mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja, lakini wagombea walikuwa wawili karibu kila jimbo, wote wa TANU. Watu wengi hawakujua kusoma, basi mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Nadhani mwenye jembe alikuwa na bahati kidogo kwa wakulima, ingawa kila mtu hulala ndani ya nyumba. Utaratibu wa chama kimoja uliendelea mpaka mwaka 1992 sheria ilipobadilishwa, na mwaka 1995 karatasi ya kura ikaja na nembo za vyama vingi.

Kwa miaka mingi kusini ilikuwa ngome ya chama tawala, CCM. Rais Benjamin Mkapa mwenyewe alitoka mkoa huu, Lupaso kule Masasi. Lakini wazee wenu walikuwa na nung'uniko la siku zote: kusini tumesahauliwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilisimama kwenye kivuko, na mvua zikikaza barabara ilikuwa inakatika. Ukiyajua hayo utaelewa kwa nini habari ya gesi iliwasha watu.

Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, kule Msimbati, mwaka 1982, ikakaa ardhini miaka mingi. Serikali ilipotangaza kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara walisema: mara hii, viwanda vije huku kwanza. Tarehe 27 Desemba 2012 wakaandamana mjini. Neno lililokuwa midomoni ni "haitoki". Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya nishati iliposomwa Bungeni, mji ukalipuka. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu walipoteza maisha, wanajeshi wakaingia mitaani. Siwafichi, wapwa zangu, kulikuwa na hofu, na kuna familia ambazo mpaka leo hazipendi kuyazungumza.

Bomba lilijengwa. Oktoba 2015, mwezi wa uchaguzi, Rais Kikwete alizindua pia kiwanda cha saruji cha Dangote nje kidogo ya mji. Wakubwa walidhani hasira imepoa. Tarehe 25 watu wakapanga foleni, na Hasnain Murji wa CCM, aliyekuwa mbunge tangu 2010, akaanguka. Jimbo likaenda kwa Maftaha Nachuma wa chama cha upinzani, CUF. Wengine watawaambia ni mgombea, wengine watasema ni dini au ukoo. Mimi nasema gesi ilikuwa kwenye foleni ile.

Na korosho pia. Angalieni kalenda: uchaguzi mkuu ni Oktoba, na Oktoba ndiyo mnaokota korosho. Unainama, unaokota bibo lililoanguka, unalinyonga, korosho inabaki mkononi, bibo unalitupa au unalinyonya juisi ikuchirizike mpaka kwenye kiwiko. Gunia likijaa linakwenda chama cha msingi, kisha ghala kuu, kisha mnada. Mgombea anapopanda jukwaani, baba zenu wanasubiri bei na kuhesabu makato. Hapo hotuba ndefu haisaidii. Mwaka 2018 wanunuzi walitaja bei ndogo, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Bei ilifurahisha, malipo kwa wengi yalichelewa.

CUF nayo ilikuwa imepasuka, na kiongozi wake Maalim Seif alihamia chama cha ACT-Wazalendo mwaka 2019. Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM kwa Hassan Mtenga, katika uchaguzi ambao wapinzani waliulalamikia nchi nzima. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi, na Joel Nanauka wa CCM ndiye aliyechaguliwa kuwa mbunge. Mwezi uliofuata uchaguzi akateuliwa waziri wa mambo ya vijana, yaani ya watu wa rika lenu na kaka zenu.

Tupo wangapi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa. Ya 2022 ikahesabu 146,772. Nyingi ya nyumba mpya ziko pembezoni, pale mikorosho inapokatwa ili viwanja vipimwe, na Naliendele mnaviona vigingi wenyewe. Lakini mwaka 2025 Tume ilipogawa majimbo mapya manane, kipimo cha jimbo la mjini kilikuwa wastani wa watu 600,000. Mbagala ilikatwa ikazaa Chamazi, Ukonga ikazaa Kivule. Sisi hatufiki hata theluthi ya kipimo hicho. Kwa hiyo mstari wetu hautaguswa karibuni, na shamba litaendelea kupiga kura pamoja na bandari.

Siku yenyewe ya kura utapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya mbunge inafanana Naliendele na Shangani. Ya diwani ni ya kata yenu tu, na mara nyingi huyo ndiye mtakayemfuata kisima kikikauka.

Umri ni miaka 18. Aliyekuwa na miaka 13 Oktoba 2025 atakuwa ameufikia Oktoba 2030, ila kadi haitamfuata nyumbani. Atakwenda mwenyewe kuandikishwa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na uandikishaji hufanyika kabla ya uchaguzi, si siku ya kura. Akitaka kugombea ubunge, asubiri afike 21.