TAMBI ZA BIBI ZANIZUNGUSHA MJI MZIMA!

Mpenzi msomaji, hebu niambie, ni lini mara ya mwisho umetafuta kitu cha shilingi 200 ukakikosa? Usijibu haraka. Mimi mwenyewe nilikuwa najiona mtoto wa mjini, Kariakoo naijua nje ndani, kitu kikishanishinda mimi basi hakijatengenezwa. Wiki iliyopita nimechemsha, tena mchana kweupe!

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Simu ikaita, kuangalia, bibi yangu mzaa mama, anayekaa Mtoni kwa Aziz Ali. Bibi huwa hapigi simu, bibi anabipu. Ukiona amepiga ujue kuna jambo.

"Hujambo mke mwenzangu?"

"Sijambo bibi, shikamoo."

"Marahaba. Kesho ukija niletee tambi."

"Sawa bibi. Pakiti ngapi?"

"Pakiti za nini? Nataka tambi nane!"

Nikacheka mpaka watu kwenye daladala wakageuka. Tambi nane! Sasa hizo atapika au atazihesabu? Bibi akaja juu: "Tambi za jiko, we mtoto! Za jiko la Mchina!" Akakata simu. Nikajua nimeharibu.

KWA MLIOZALIWA MKAKUTA GESI

Jiko la Mchina ni lile jiko la bati linalotumia mafuta ya taa. Chini lina tangi, juu lina duara la matundu, na kila tundu linapita utambi wa pamba. Utambi unanyonya mafuta kutoka kwenye tangi, unauwasha kwa kiberiti, halafu moto unaupandisha na kuushusha kwa kitasa cha pembeni. Utambi ukiungua mpaka ukawa mfupi haufikii tena mafuta. Hapo jiko linatoa moshi tu, sufuria inakuwa nyeusi tii na chai inanuka kama gereji. Dawa yake ni moja, ununue tambi mpya. Basi.

Nikasema hiyo nayo kazi? Nikashuka Msimbazi kifua mbele. Kariakoo bwana! Jina lenyewe limetokana na kile kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo mizigo ndiyo asili yake. Mtaa wa Kongo pale nimeona taa zinazowaka ukipiga makofi. Nimeona mashine ya kumenya viazi, chupa ya chai inayoonyesha joto, viatu vya mtoto vinavyolia kama kifaranga. Mtaa wa Aggrey makava ya simu yamepangwa kutoka sakafuni mpaka darini. Nikajiambia, mahali penye vyote hivyo nitakosa kauzi ka pamba?

Kijana wa kwanza nikamwambia nataka tambi. Akaitikia fasta, akaingia ndani, akatoka na pakiti. "Chukua hizi sista, ukiweka nazi na iliki hutaki tena wali." Nikamweleza kuwa si za kula. Akaniangalia kama nimemtukana.

Wa pili akacheka wazi: "Sista, hayo mambo ya enzi za Mwalimu! Chukua jiko la gesi la pleti mbili, nakufanyia bei ya asubuhi." Na ilikuwa saa nane mchana!

Nikaingia duka la hadwea la mzee mmoja mwenye miwani minene. Huyo angalau alielewa. Akakuna kichwa, akafungua droo mbili, akafunga. "Mwanangu, zamani nilikuwa naagiza kwa katoni. Boksi la mwisho limekaa mpaka panya wakalifanya godoro."

Nikahesabu maduka 14. Nauli imekwenda, soda imekwenda, maji mawili yamekwenda, unyayo unawaka moto. Nikatoa simu nitafute humo. Kila nikiandika jiko naletewa majiko ya umeme, ya bei ambayo bibi akiisikia itabidi tumpepee. Nikaona isiwe tabu, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

ENZI ZA FOLENI

Jumapili nikaenda Mtoni nikiwa nimejiandaa kusemwa. Ajabu, bibi hakunisema. Alikaa kwenye mkeka, mguu wake unaomsumbua kaunyoosha, akaanza kunipa stori za miaka ya 1980. Anazipenda hizo hadithi kama sisi tunavyopenda tamthilia.

Kipindi kile, anasema, hela mtu unayo lakini dukani kuna mwuzaji na kaunta tu. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, dawa ya meno ndiyo usiseme. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba akiba ya fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani ilipaa, na viwanda vyetu vikakosa malighafi na vipuri. Watu walifulia majani ya mpapai.

"Ukiona foleni unaingia kwanza," bibi akaniambia, "ndipo unauliza wanauza nini. Usiku unaacha jiwe lako kwenye mstari, unakwenda kulala. Alfajiri unarudi unakuta jiwe limesogea. Na kila mtu alilijua jiwe lake!"

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza ule msako mkali wa walanguzi na wahujumu uchumi. Maghala yakapekuliwa, watu wakakamatwa, na bibi anasema wengine walitupa bidhaa porini kwa woga. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984. Mwaka huohuo Serikali ikaanza kulegeza kamba, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Novemba 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, milango ikafunguka zaidi, na watu wakambatiza Mzee Ruksa. Maduka yakajaa.

Tangu hapo mtaani kuna msemo ambao kila mtu anaujua: zamani hela zilikuwepo vitu hakuna, siku hizi vitu vipo hela hakuna. Na mimi nilikuwa nauamini hivyohivyo, mpaka nilipoingia jikoni kwa bibi.

MTUNGI WENYE KITAMBAA

Jikoni kwa bibi kuna mtungi wa gesi wa kilo 6. Mjomba alimnunulia mwaka jana, siku ile tukapiga na picha. Juu ya mtungi bibi kaweka kitambaa cha kufuma, kama tulivyokuwa tukifunika redio sebuleni. Nikauliza kwa mzaha:

"Sasa bibi, tambi za nini na gesi hii hapa?"

Kimya. Nikaunyanyua ule mtungi. Mwepesi kama ndoo tupu!

"Imeisha lini?"

"Tarehe tatu."

Siku hiyo ilikuwa tarehe 20. Msomaji wangu, piga hesabu mwenyewe. Siku 17! Bibi yangu anakunywa dawa za presha kila asubuhi, na hawezi kuzinywa bila kutia kitu tumboni. Siku zote hizo alikuwa anakwenda kwa jirani na kikombe chake, anajifanya amekwenda kusalimia.

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Niseme ili iweje? Juzi umenilipia umeme. Mjomba wako ana ada za watoto. Nianze kuomba elfu ishirini na kitu kwa sababu ya chai? Aibu hiyo!" Akanyamaza kidogo, halafu akasema taratibu: "Mafuta ya taa ya buku yananitosha siku mbili tatu. Buku ninayo."

Nikakaa chini. Ile raha ya kucheka tambi nane ikaniisha.

KITU KIPO, KIPIMO HAKIPO

Hapo ndipo nikaelewa, ndugu yangu. Tunasema kitu kinapatikana tukiona kimepangwa dukani. Lakini uswahilini kitu kinapatikana pale kinapopimwa kulingana na kilichopo mfukoni. Angalia duka la Mangi mtaani kwenu. Sukari robo. Mafuta ya kula ya kupima. Majani ya chai kwenye kikaratasi. Sabuni ya mche iliyokatwa vipande. Nyanya fungu. Hata mkaa unapimwa kwenye kopo. Mwenye 500 hatoki mikono mitupu, na mwenye 200 naye ana chake.

Ila gesi haina fungu. Mtungi ukiisha umeisha, na kuujaza unatakiwa kutoa elfu ishirini na kitu kwa mpigo. Kama unalipwa mwisho wa mwezi utajibana. Kama unaishi kwa kutumiwa na wajukuu, buku leo, buku tatu keshokutwa, huo mtungi unaugeuza meza ya kitambaa.

Mafuta ya taa nayo yamepigwa panga. Zamani yalikuwa rahisi kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, ikichukuliwa kuwa ni nishati ya mnyonge. Wajanja wakagundua dili, wakawa wanayachanganya kwenye dizeli na kuuza kwa bei ya dizeli. Ndiyo neno kuchakachua likashika mji mpaka likaingia kwenye siasa na mapenzi! Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Dawa ilifanya kazi, lakini mnyonge naye akainywa. Nilipita vituo vitatu vya mafuta Temeke, hakuna hata kimoja chenye pampu ya mafuta ya taa. Bibi anayapata kwa mwenye genge, kwenye chupa ya soda.

Sisemi gesi mbaya, msije mkaninukuu vibaya. Moshi wa mafuta ya taa haufai kifuani, hasa kwa mzee. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo zuri. Na hapa Dar imeshaonekana mitungi yenye mita, unalipia kidogokidogo kwa simu, hela ikiisha gesi inakata. Aliyefikiria hivyo alikaa uswahilini huyo! Kwa bibi mita hiyo bado haijafika. Ikifika, sitauliza tena.

KUMBE ZIKO TANDIKA

Basi nikatoka. Nikamwuliza bodaboda wa kijiweni pale kwa bibi kama anajua zinapouzwa tambi za jiko. Hakufikiri hata sekunde: "Tandika sokoni, kwa mzee wa majiko. Panda."

Tandika, msomaji! Hapo hapo jirani na bibi, na mimi nimezunguka Kariakoo kutwa nzima!

Nikamkuta mzee kakaa chini ya mwavuli uliotoboka. Mbele yake kuna majiko ya Mchina matatu yaliyofumuliwa, vifuniko vya chupa za chai, mishikio ya sufuria, vioo vya vibatari. Na pembeni, zimening'inizwa kwenye msumari kama nywele za bandia, tambi! Utambi mmoja 200.

Nikamwuliza nani ananunua siku hizi. Akahesabu kwa vidole: wanafunzi waliopanga chumba, walinzi wa usiku, mama wa chai ya alfajiri, na wazee. "Na wenye gesi pia," akasema. "Hao nawaona kuanzia tarehe 20 ya mwezi."

Nikamwambia nimetafuta Kariakoo nzima. Akacheka kidogo, hana meno mawili ya mbele. "Ungeanza kwa kumwuliza anayetumia. Wewe umeanza kwa anayeuza."

Nikanunua 10, nane za jiko na mbili za akiba, nikajiona nimefikiri. Kufika, bibi kazihesabu, kazihesabu tena: "Nilikwambia nane. Hizi mbili za nini? Una hela za kuchezea?" Wazee wetu! Akakata, akapitisha moja moja kwenye matundu kwa vidole vilevile vinavyotetemeka akishika kikombe, akaacha zinyonye mafuta, akawasha kiberiti. Moto wa bluu ukashika duara zima. Chai ya tangawizi ya siku ile sitaisahau.

Usiku nikawaandikia binamu zangu. Tuko wajukuu sita wenye shughuli za kuingiza chochote. Nikawaambia jamani, tuipime gesi ya bibi: kila mmoja 4,000 kwa mwezi, jumla 24,000. Hakuna aliyebisha. Mmoja akaandika, "Kwani haikuwa inajazwa?" Sote tulidhani kuna mwenzetu anayejaza.

Mtungi umejazwa Jumatano. Kitambaa kimetolewa, kimehamia kwenye redio. Jiko la Mchina bibi amekataa lisitupwe. Anasema hilo ni la tarehe 20, na sina ubavu wa kumbishia.

Na wewe unayesoma hapa huku umejilaza, wikiendi hii ukienda kumwamkia bibi yako, usimwulize kama gesi ipo. Atakwambia ipo. Ingia jikoni, unyanyue mtungi.

Tukutane wiki ijayo, inshallah!