Pesa za Maji Zinakwenda Wapi? Kikundi Chako Kinaweza Kujua



Mara nyingi tunasikia neno hili: "Bili imekuja, lakini maji hayajakuja." Kunung'unika kando ya mfereji mkavu hakuleti maji. Pesa za maji huacha nyayo kwenye karatasi, na karatasi hizo si siri.

NANI ANASIMAMIA?

Chini ya Katiba ya 2010, huduma ya maji ni kazi ya serikali ya kaunti. Kampuni nyingi za maji ni mali ya kaunti, yaani mali yetu. Lakini kampuni haiuzi maji vile inavyopenda. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, lazima ipate leseni kwa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB). Bodi hiyo ndiyo inaidhinisha bei, na wananchi lazima waulizwe maoni kwanza.

KARATASI TATU ZA KUTAFUTA

1. Bajeti ya kaunti. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Angalieni: wadi yetu imewekewa pesa ngapi za maji, na za kazi gani?

2. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Husema kama pesa zilitumika kihalali, na hutaja miradi iliyolipiwa ikakwama.

3. Ripoti ya WASREB ya kila mwaka. Huonyesha kila kampuni inatoa maji saa ngapi kwa siku, na yanapotea kiasi gani.

Wacha tuchukue hilo la kupotea. Ripoti ya mwaka 2021/22 ilionyesha kwamba nchini, katika kila mitungi 100 ya maji, kama 45 haikuleta hata shilingi. Ilivuja, iliibwa, au mita haikusoma. Bodi inataka isizidi 25. Sasa fikirini: kampuni inasafisha na kusukuma mitungi 100, inalipwa 55. Pesa za kutengeneza bomba la kwenu zitatoka wapi?

JINSI YA KUULIZA

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na afisa ataandika. Kupeleka ombi hakulipishwi. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala tu.

Ulizeni jambo moja wazi. Si "pesa zetu mmekula?" bali "tangi la kijiji chetu liliwekewa kiasi gani, nani alipewa kandarasi, na amelipwa ngapi mpaka sasa?" Karani aweke nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile huitwa Ombudsman.

Wakati huohuo wekeni daftari lenu: siku maji yalikuja, saa yalipokatika, na bili ilisema nini. Ofisa anaweza kubishana na maneno ya barazani. Daftari la miezi sita ni vigumu kubishana nalo.

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

- Ni mradi gani wa maji hapa kwetu ulioanzishwa ukaachwa?
- Nani kati yetu ataweka daftari?
- Tutaandika barua lini, na nani ataipeleka?